Presha kuka ya umeme lita 6: maharage yanaiva kabla sijamaliza kununa

Nianze na nyota kabisa ili wenye haraka zao waende: naipa nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa mambo mawili, ukoko na kununa, nitayasema hapo chini, ila kama ulichotaka kujua ni inaivisha au haiivishi basi inaivisha, kanunue, kwaheri.

Tuliobaki tukae vizuri.

Sie tunakaa Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, nyumba ya kupanga, chumba, sebule na kibaraza cha nyuma tunachopikia pamoja na jirani. Ndoa ina mwaka na miezi mitatu. Mie mzaliwa wa hapahapa Tanga, mshonaji, cherehani yangu iko barazani mbele. Mume wangu mtu wa Njombe, kaletwa huku na kazi ya bandarini, na watu wakimuuliza mbona hurudi kwenu anawajibu si nyie wenyewe mnasema Tanga waja leo waondoka leo, basi mie kuja nimekuja, kuondoka ndo kumenishinda.

Hii presha kuka aliileta siku yangu ya kuzaliwa, miezi minane iliyopita. Nikamuona kwa mbali anakuja na baiskeli, boksi limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, na uso ule wa mwanaume aliyefanya jambo. Nikajisemea doti ya kanga haiwi kubwa hivyo, labda mota ya cherehani. Akashuka, akafungua mikono, "Mke wangu, kuanzia leo mambo ya mkaa basi!" Jamani, siku ya mtu ya kuzaliwa unamletea sufuria. Nikasema asante, kwa kuwa nimelelewa.

Yangeishia hapo kusingekuwa na neno. Sasa boksi lina zile kamba ngumu za plastiki na gundi ya kufa mtu, na Injinia wangu (cheo kajipa mwenyewe siku hiyohiyo, kazi yake bandarini ni makaratasi) akaangaza macho huku na huku, akauona mkasi juu ya cherehani, akauchukua. Mkasi wangu wa kitambaa. Wanaoshona hapo wameshashika kichwa. Kwa wasioshona niwaambie tu, mkasi wa kitambaa haukati karatasi, haukati kamba, haukati kitu chochote kisicho kitambaa, ukishaukatia boksi makali yamekwenda, kesho ukiuweka kwenye satini unatafuna badala ya kukata. Namuona kwa dirishani, kraa, kraa, kraa, na mluzi anapiga.

Sikusema kitu. Niliingia ndani nikabadili kanga, nikatoka na ile iliyoandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, nikapita mbele yake mara tatu, ya tatu nimemgeuzia mgongo kabisa maandishi ayaone vizuri. Mtoto wa Tanga angekuwa keshaanza kuomba radhi na kutafuta wa kumpeleka mkasi kunolewa. Mume wangu akainua kichwa, "Hiyo kanga inakupendeza, rangi zimekaa vizuri." Huko kwao kanga ni kitu cha kubebea mtoto, haisomwi.

Haya, bidhaa. Ni sufuria la lita 6, wati 1000, sufuria la ndani lile jeusi lisiloshika, kifuniko cha kuzungusha mpaka kilie tak, juu kuna kidude cha kutolea mvuke na pembeni kuna pini ndogo inayopanda presha ikijaa. Pini ikiwa juu kifuniko hakifunguki hata ukiita mtaa mzima, ikishuka ndo unafungua, na hapo nawasifu waliotengeneza maana mume wangu ni mtu wa kuchungulia vyungu. Vitufe viko vingi ila vinavyofanya kazi kwangu ni vitatu, cha maharage, cha nyama na kile cha kupanga dakika mwenyewe. Kile cha wali nitakuja kukisema. Kitabu cha maelezo kina Kichina na Kiingereza, Injinia akakisoma kitandani usiku wa kwanza kama mtu anayejiandaa na mtihani, akawa ananisomea kwa sauti na mie nimempa mgongo.

Kesho yake ndo tukapika. Kibarazani hamna soketi kwa hiyo presha kuka inakaa sebuleni, kwenye kimeza pembeni ya tivii, na hivi ninavyoandika bado iko hapo, wageni wakija wanaiangalia yenyewe kuliko taarifa ya habari. Mwanzo tuliichomeka kwenye kebo ya nyongeza, ile ya bei ya kutupa, baada ya dakika kumi tukasikia harufu ya plastiki ikiungua, kushika waya wa moto. Usifanye hivyo. Wati 1000 hazitaki kebo nyembamba, chomeka ukutani moja kwa moja.

Maharage ya njano, sikuyaloweka makusudi nione ujanja wake. Nikabonyeza, kioo kikaandika 35. Injinia kaniambia siri yake ni kwamba maji kwenye sufuria la kawaida hapa Tanga, usawa wa bahari, yanachemkia nyuzi 100 na hayapandi tena hata ukoleze moto vipi, unapoteza mkaa tu, ila mvuke ukifungiwa ndani yanapanda mpaka kama 115 na ndo maharage yanasalimu amri. Halafu akaniambia Njombe kwao kwa vile ni juu milimani maji yanachemka hata nyuzi 95 hayajafika, ndo maana mama yake maharage anaanza kuyapika mapema mno na watoto wanalala wanasubiri. Hilo nililipenda, nikakaribia kumsemesha, nikakumbuka mkasi.

Kitu ambacho boksi halikwambii ni kwamba zile dakika 35 hazianzi kuhesabu ulipobonyeza. Kwanza ipashe moto, presha ijae, pini ipande, hapo imekula kama robo saa, ndo 35 ianze kurudi nyuma. Kwa hiyo jumla ni dakika 50, na mvuke bado hujautoa. Msije mkaniambia nimewadanganya.

Kulia pii pii pii, Injinia kapotea. Nikasikia anahangaika chumbani. Akatoka kavaa helmeti ya bandarini na lile fulana la kung'aa, mkononi mwiko mrefu wa ugali, kasimama mlangoni, kanyoosha mkono, kageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, akakisukuma kile kidude. Mvuke ule, pssshhhhhh, mpaka kwenye dari. Paka akatokea dirishani, hakurudi mpaka magharibi. Jirani kaja mbio na ndoo ya maji akijua mtungi wa gesi umepasuka, kakuta mwanaume na helmeti mbele ya tivii iliyojaa ukungu. Na mie nimenuna! Mnajua kazi ya kuzuia kicheko ukiwa umenuna? Nilikwenda chooni nikacheka nikarudi.

Tumefika kwenye lile jambo la kwanza lililonifanya nizuie nyota.

Zamani, na nikisema zamani namaanisha mwaka jana, nikiudhika nilikuwa naweka maharage jikoni, ya mkaa. Kwanza nayachagua mawe kwenye ungo, na hapo hasira iko juu, kila jiwe nalirusha lisikike. Nawasha mkaa, napepea, moshi unaniingia machoni nalia kidogo, nafuu yake kubwa. Yanachemka, naongeza maji, narudi kwenye cherehani nashona huku nazungumza peke yangu, natunga yote nitakayomwambia. Saa ya pili ikifika naanza kusahau la kwanza lilikuwa nini. Saa ya tatu nakaanga kitunguu, na mtu akishasikia kitunguu kinalia kwenye mafuta kinyongo kinakwenda wapi? Nikija kumwita mezani nimeshapoa zamani, nacheka, yeye hata hakujua kama kulikuwa na vita. Ndivyo tulivyokwenda miezi saba ya mwanzo bila kugombana. Nilidhani ni tabia zetu nzuri, kumbe maharage.

Sasa hii kitu dakika 50 inakuitia chakula! Hasira ndo kwanza inashika moto, sijafika hata kwenye hoja ya pili, pii pii pii, njoo utenge. Kesho yake ile baada ya mkasi nilimtengea sahani nimefura hivi, nikaiweka mezani tak. Akashangaa, "Mbona mapema hivi?" Hapo uvumilivu ukanishinda, nikasema yote, mkasi, satini ya watu, siku ya kuzaliwa, kanga, mgongo nilioupitisha mara tatu. Akanisikiliza kijiko kiko hewani. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Kumbe zile kanga huwa zinaongea na mimi?"

Basi ikawa kazi ya jioni nzima, nazitoa kabatini moja moja namsomea namwambia hii niliivaa lini na kwa nini. Ile ya mwezi wa ramadhani ilimuuma.

Turudi kwenye umeme maana najua ndo mnachosubiri. Mita yetu tunagawana na jirani, na mita ikishalisha nyumba mbili ile bei ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi mnaisikia tu kwa wenzenu, sie elfu moja ni uniti mbili nukta nane, yaani kama shilingi 356 kwa uniti. Wiki ya kwanza tu jirani kaanza maneno, mara "uniti siku hizi zinakimbia," mara "mashine za watu zile." Injinia akakataa kusingiziwa. Akamwomba azime friji yake, azime kila kitu, sie tukazima kila kitu, Jumapili mchana joto la Tanga mnalijua, feni zimezimwa nyumba mbili, watu wazima wanne tunavuja jasho tumesimama mbele ya mita, tunapika maharage nusu kilo. Jirani alikubali kwa sharti la bakuli. Mwanzo hadi mwisho ilikula uniti sifuri nukta nne, yaani shilingi 140 na kitu. Mkaa wa maharage hayohayo nilikuwa nanunua wa 1,500 na haubaki. Jirani kala bakuli lake, kanyamaza, mwezi uliofuata na yeye kanunua ya kwake, sasa tunagombania nani kamaliza uniti kwa usawa.

Mume wangu anapenda kusema serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na sie tumeshaingia kwenye hiyo 80 mapema. Mama yangu mzazi akimsikia anamuuliza, na umeme ukikatika mwanangu, unatoka kwenye asilimia?

Maana imeshatokea. Siku moja saa moja na nusu usiku, kongoro ndani, zimebaki dakika 12, giza. Sio mtaa, ni sie, uniti zimeisha. Injinia kanunua kwa simu, meseji ikaja, na wote mnajua zile namba ni 20. Yeye anasoma kwenye simu, mie nabonyeza kwenye mita, simu yangu yenye tochi naishika kwa meno. "Nne, saba, saba, moja..." "Saba mbili au saba tatu?" "Mbili." "Sasa mbona umesema saba, saba, halafu ukapumua ukasema tena saba?" "Nilikuwa narudia." "Usirudie!" Tukaanza upya. Awamu ya pili tumefika namba ya kumi na saba, ikaingia simu ya mama mkwe, kioo kikafunika namba zote. Akapokea! "Shikamoo mama... hatujambo... ndiyo, nipo naye hapa, anakusalimia, ana tochi mdomoni." Awamu ya tatu ikakubali, umeme ukarudi, na presha kuka ikarudi ikiwaka sifuri sifuri, imesahau kila kitu, haijui kama ilikuwa na kongoro wala dakika 12. Zingatieni hilo, ya kwetu umeme ukikata haikumbuki, lazima uanze wewe. Ila kwa sababu presha ilikuwa bado imejaa ndani, kongoro liliendelea kujiivia gizani wakati sie tunagombania saba, tulipofungua nyama inaachia mfupa yenyewe.

Mama mkwe nikishamtaja lazima nisimulie alivyokuja. Alishuka stendi ya Kange asubuhi na gunia la viazi na maharage ya shambani kwake, ananisalimia Kiswahili, majirani anawapigia "Kamwene!" na wao wanajibu "Salama bibi," mambo yanakwenda. Kijana wake kamsimulia ile mashine njia nzima. Kwa hiyo maharage yake yenyewe, mbele ya macho yake, sebuleni, nikayaweka, nikafunga, nikabonyeza 40. Tukakaa tunaiangalia.

Robo saa pini haijapanda. Nusu saa, mvuke unatoka pembeni mwa kifuniko fsss fsss, pini iko palepale. Saa nzima kioo kinaandika 40 vilevile, Injinia ameshapekua kitabu chote mpaka upande wa Kichina. Mama mkwe mikono kaikunja mapajani, akasema taratibu, "Mwanangu, hii inapika au inapumua?"

Ndipo tuliposikia nje, "Kange Kange Kange! Wawili wa mwisho!" Mtoto wa jirani, miaka minne, anazunguka uani mbio, mikononi ana usukani. Usukani wenyewe wa duara, mweupe, laini. Ule ni mpira wa kifuniko chetu! Nilikuwa nimeuosha jana yake nikauanika kwenye kamba (unatakiwa uuvue uuoshe, la sivyo kesho chai itanuka kongoro), na dereva kapita kauchukua. Bila mpira mvuke haufungiki, na mvuke usipofungika hiyo ni sufuria ya kawaida yenye bei kubwa. Injinia kamfuata, mtoto kagoma kusimama kituo si chake. Mwanaume mzima ikabidi apande, ashike nguo ya mtoto kwa nyuma, wazunguke mpera mara mbili mpaka "Kange mwisho," alipe nauli kwa jani, ndo akabidhiwe usukani. Tunarudi ndani, mama mkwe keshawasha mkaa kibarazani, maharage keshayahamishia kwenye sufuria, anapepea.

Kaondoka baada ya wiki mbili na bado hajaamini. Ila aliuliza bei.

Ninunue mpira wa akiba, nikasema. Duka tulilonunua, jina nitaliacha, muuzaji siku ya kuuza alikuwa na maneno matamu kama kashata, alianza na 170,000 mume wangu akabembeleza wakafika 145,000, waranti mwaka mmoja kaandika kwa peni nyuma ya risiti. Nilivyokwenda kuuliza mpira tu, tena wa kununua, akaniambia mpira hauko kwenye waranti, nikamwambia sijaomba waranti nimeomba mpira, akaniambia basi hana. Nikazunguka siku tatu, mwisho nikaupata kwa fundi wa vyombo vya umeme karibu na soko la Mgandini. Muuzaji wako muulize mpira kabla hujatoa hela.

Vinavyokubali humo: makande, ambayo mume wangu angeweza kula asubuhi mchana jioni, kongoro, supu ya mbuzi, na pweza, jamani pweza, nikitoka kuchukua sokoni Deep Sea kule forodhani kwa wavuvi natupia humo dakika 15 tu, hakuna kumpigapiga kwenye jiwe wala kusubiri, analainika kama mkate. Supu yake Injinia siku hizi ananiomba mwenyewe, kaambiwa na wenzake wa kazini maneno ya supu ya pweza, anadhani mie siyajui. Tui la nazi usiliweke mwanzo, lile zito, presha inalikata linakuwa vipande vipande, wewe ivisha kila kitu kwanza, toa mvuke, fungua, ndo umimine tui uache lichemke kidogo kifuniko kikiwa wazi. Na usijaze mpaka juu, maharage mwisho nusu tu, yanatoa povu na povu likiziba kile kitundu cha mvuke utatafuta helmeti kweli.

Wali sasa. Wali wa nazi inapika, mchele unachambuka, haugandi, mtu wa bara atakwambia mtamu. Ila hakuna ukoko. Sufuria jeusi lisiloshika, ukoko utashika wapi? Wali wa mkaa, sufuria la aluminiamu, unaupalia makaa juu ya kifuniko, tui likishuka chini linakaangika pembeni, ukibandua ukoko unatoka kipande kizima umeviringika kama mkeka, kahawia, una mafuta, unalia ukiutafuna. Mume wangu mara ya kwanza alipouona alinionea huruma, akaniambia usijali hata mama huwa anaunguza. Nikamlisha kipande. Toka siku hiyo ana adabu ya sufuria, wali ukipakuliwa anajitolea kuosha vyombo, hivyo hivyo, mwanaume anakimbilia kuosha vyombo, nimekuja kugundua anajifungia kibarazani na mwiko anakwangua.

Tulivyoanza kupika wali kwenye presha kuka akaja na sufuria lake kibarazani, kafungua, chini kunang'aa. Akasimama kama mtu aliyeibiwa. Yeye ndiye aliyesema mambo ya mkaa basi, na yeye ndiye aliyekwenda kununua mkaa Ijumaa ile, kwa miguu, bila kuambiwa. Kwa hiyo Ijumaa kwetu ni mkaa, hatujafuzu vizuri hiyo asilimia 80.

Na ile kununa tumeipatia dawa, sio aliyeitengeneza, ni mie. Si nimesema kuna kitufe cha kupanga dakika mwenyewe? Maharage yanataka 35. Siku kaniudhi kidogo naweka 45, yanaharibika kidogo, si sana, mie napata muda wangu. Siku kaniudhi sana napandisha. Yeye hakuwa anajua, alikuwa anakula rojo anasema leo yamelainika vizuri. Lakini mtu aliyejifunza kusoma kanga huwezi kumficha kitu.

Wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia asubuhi, tena mara mbili, apitie kwa mteja wangu achukue hela ya gauni, akasahau, na simu hapokei. Karudi saa kumi na moja, kafungua mlango anapiga mluzi, macho yakatua kwenye kimeza cha tivii. Kioo kimeandika 70. Mluzi ukakatika. Akaniangalia mie niko kwenye cherehani sijainua kichwa, akaangalia kanga yangu, akaisoma midomo ikichezacheza, akaangalia tena 70. Viatu hakuvua. Nikasikia baiskeli inageuzwa uani, na sauti ya jirani, "Mbona unatoka tena, si ndo umeingia?"

"Nina kama saa moja na robo hivi," akasema, na kengele ya baiskeli ikaishia kona kuelekea kwa mteja.